Baba Tumbo Aomba Abakiziwe Nusu

Mpendwa Bibi Paskazia, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako upesi kabla nyumba yangu haijavunjika, maana jambo lililonipata siwezi kumpelekea padri, wala katekista wetu Herman, ambaye ni rafiki yangu tangu utoto lakini sasa amehamia upande wa mke wangu, na nikikaa nalo moyoni naona litaniua, nami nasikia wewe ulikuwa mkunga wa misheni miaka mingi kabla ya kuandika gazetini, kwa hiyo mambo ya watoto na mambo ya wake wakaidi yote unayajua.

Mimi ni nyapara wa shimo la dhahabu hapa Geita, si lile shimo kubwa la kampuni, ni shimo dogo la bwana mmoja anayekuja kutukagua mara moja kwa mwezi, nasi tumelipa jina la Subira. Naishi Kalangalala, nina watu kumi na mmoja chini yangu, nina baiskeli ya Raleigh yenye taa, nina mbwa mkali aitwaye Kapteni na fahali ninayemwita Sumuni kwa ajili ya doa la mviringo alilo nalo usoni, na nina mke, Limi, tuliyefunga naye ndoa kanisani, na mtoto mmoja anayekaribia miaka minne. Nakueleza haya ili ujue kwamba hakuandikii mhuni, anakuandikia mtu mwenye heshima zake.

Sasa huyu mtoto alizaliwa na tumbo la mviringo, na alipotimiza mwaka likawa kama kibuyu, mama mkwe wangu akasema ni bandama, akachanjwa chale na kupakwa dawa, tumbo halikupungua, nami sikujali sana maana watoto wenye matumbo huku kwetu ni wengi. Basi mwaka jana kabla ya masika alikuja kijana wangu mmoja, Nkwabi, asubuhi, kuchukua kamba za kushukia shimoni, akamkuta mtoto ameketi kizingitini, akampapasa tumbo kwa mchezo akasema, "Baba, hili linacheza kama kibuyu cha maziwa," akaenda zake, na Bibi, siku ileile, kabla ya saa sita, huyo Nkwabi akapiga sururu akaukuta mwamba wenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Kesho yake Donatus naye akapita kupapasa, akapata. Siku ya tatu Mihayo akakataa akasema yeye ni Mkristo hafanyi mambo ya kienyeji, akashuka hivyohivyo, jiwe likamwangukia mguuni likamvunja kidole. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyebisha, hata Mihayo mwenyewe anakuja akichechemea.

Tukaweka utaratibu. Kila asubuhi kabla ya kushuka wanapanga mstari mbele ya nyumba yangu, mtoto anakaa juu ya kigoda, kila mtu anagusa kwa mkono wa kushoto bila kusema neno, na aliyegombana na mkewe haruhusiwi. Nimeamuru pia wakate kucha, kwa kuwa mimi si mtu katili. Na heshima niliyoipata, Bibi, siwezi kuimaliza kwa kalamu, nikifika penye pombe kata ya kwanza ni yangu, watu wa mashimo mengine wananiamkia kutoka mbali, hata bwana mwenye shimo alinipa mkono mbele za watu, na jina langu la Kalisti limekufa kabisa, sasa mimi naitwa Baba Tumbo, na nikiitwa hivyo nasikia raha moyoni, sikufichi.

Nilikwenda pia kwa mfumu, yule mganga wetu wa kuagua aliye nyuma ya kilima, ili anithibitishie kwamba ni masamva, yaani wazee wetu waliotangulia, ndio waliokaa tumboni mwa mtoto kutulinda. Akachinja kuku, akamfungua, akatazama kwa muda mrefu sana, halafu akasema hapa haoni masamva, anaona ugonjwa, dawa zake hazitaufikia, na watu waache kumshikashika mtoto. Nikajua ni wivu, maana ana mpwa wake anayechimba shimo la jirani na hawapati kitu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mke wangu alikwenda kwao Maganzo kumwona mama yake, akaondoka na mtoto, kumbe huko wakampeleka hospitali ya misheni bila ruhusa yangu. Daktari akamminyaminya, akampiga picha, akamwambia mke wangu kuwa hii si bandama wala minyoo, eti mwilini mna mishipa mingine isiyokuwa ya damu, inayopitisha maji, na ya mtoto huyu iliumbika vibaya tangu mimba, ikafanya vifuko vifuko vilivyoshikamana na utumbo, na mishipa ya damu imechanganyikana humohumo, kwa hiyo apasuliwe vitolewe, na mengine atayajua akishafungua. Wakampa cheti chenye tarehe, tena tarehe yenyewe ni mwisho wa mwezi huu. Nilipoambiwa hayo nikauliza, "Mishipa ya maji? Kwani mtoto ni bomba?" Mke wangu hakucheka.

Tangu arudi amekuwa mtu mwingine. Anasema, "Ng'wana wane alisata, mwanangu anaumwa, nawe unamkodisha kama jembe." Nikimwambia wachimbaji wanategemea, ananijibu, "Wakitaka tumbo la kushika washike lako, nalo si dogo." Juzi Nkwabi alinyoosha mkono, akapigwa mwiko wa ugali kwenye vidole, mtu mzima, mbele ya wenzake. Sasa analala jikoni na mtoto na mwiko wake.

Ni kweli kwamba wiki hizi mbili mtoto hali vizuri na anatapika maji ya kijani, na anatembea amejishika. Na Jumamosi iliyopita walikuja wageni saba wa shimo lingine, nikaona aibu kuwafukuza, mmoja akakandamiza mno, mtoto akalia kisha akanyamaza, midomo ikawa myeupe, na tumbo likawa gumu kama ngoma hadi jioni. Lakini Jumatatu aliketi akanywa uji nusu kikombe, kwa hiyo naona limepita.

Watu wangu wamesema tumbo likipasuliwa, mwamba utapotea, na wao watahama. Cheti nimekificha ndani ya kopo la tumbaku. Sasa naomba unijibu mambo matatu, kwanza, nimtulize vipi mke wangu bila kumpiga, maana sipendi kupiga. Pili, je, naweza kumwomba daktari atoe nusu ya vile vifuko na kubakiza nusu? Tatu, kama hakubali, je, kuna ubaya akivitia kwenye chupa nami nikaitundika pale mdomoni mwa shimo? Usinifikirie vibaya, Bibi, mimi mtoto wangu nampenda.

Ni mimi, Kalisti, maarufu kwa jina la Baba Tumbo,
Kalangalala, Geita.

* * *

JIBU LA BIBI PASKAZIA

Kalisti, marahaba. Hiyo ndiyo adabu yote utakayoipata kwangu leo.

Nimekuwa nikijibu barua zenu kwa miaka sita. Nimeandikiwa na mwanamume aliyetaka kumwacha mkewe kwa sababu anakoroma, na mwingine aliyempeleka jogoo wa jirani barazani kwa kumtukana. Nikadhani nimeyaona yote. Kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni! Leo naulizwa kama daktari anaweza kumtibu mtoto nusu. Mwanamume mzima, nyapara, mwenye baiskeli yenye taa, anataka ugonjwa wa mwanawe ugawanywe kama nyama ya sikukuu, nusu iende kwa daktari, nusu abakiziwe mwenye nyumba. Na la chupa nalo nimelisoma. Nilivua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Lilikuwa bado lipo.

Umeuliza kwani mtoto ni bomba. Swali ulilidhani la kejeli, na mimi nalijibu bila kejeli, kwa kuwa ndipo ujinga wako ulipoanzia. Damu ina mishipa yake, hiyo unaijua, maana ukijikata unaiona. Lakini ipo mishipa mingine, myembamba sana, inayokusanya maji yaliyosalia katika mwili na kuyarudisha kwenye damu. Madaktari huyaita maji hayo limfu. Yale yatokayo kwenye utumbo baada ya kula huwa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Mtoto wako alipokuwa bado tumboni mwa Limi, mishipa hiyo haikuungana sawasawa. Hakuna aliyemroga, wala mama yake hakukosea kitu. Maji yanaingia, hayapati pa kutokea, yanajaa katika vifuko, na vifuko vinakua pamoja na mtoto. Nkwabi aliposema linacheza kama kibuyu cha maziwa, alikuwa amekaribia ukweli kuliko mama mkwe wako na kuliko wewe. Ila yeye hakujua anachoshika. Wewe umeambiwa na daktari, na bado unapanga watu mstari.

Usidhani pia kwamba ingetosha achomwe sindano, maji yakavutwa nje. Nimeona yakivutwa, na nimeyaona yakirudi kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana daktari anataka kuvitoa vifuko vyenyewe, vyote anavyoweza kuvifikia, na kama vimeng'ang'ania kipande cha utumbo atakikata kipande hicho na kushona ncha mbili zikutane. Ndiyo kazi yenyewe. Haina nusu.

Sasa soma hapa polepole, na kama macho yako mazito mwite Herman akusomee. Matapishi ya kijani maana yake utumbo umebanwa, chakula hakipiti. Midomo myeupe na tumbo gumu kama ngoma siku ya Jumamosi maana yake, kwa hofu yangu, mshipa wa damu ulipasuka ndani ya kifuko, na mwanao alikuwa anavujia damu humohumo mbele ya macho yako, huku wewe unaona aibu kuwafukuza wageni. Nilipofika hapo katika barua yako nilisimama, nikatembea chumbani. Nilikasirika, sioni haya kusema. Uji nusu kikombe si dalili kwamba limepita. Mtoto huyo amepewa siku chache za kupumua, nawe umezitumia kuniandikia kuhusu chupa.

Umesema unampenda. Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndivyo tulivyofundishwa, na mzazi anayeujua katika nyumba hiyo analala jikoni na mwiko. Mwiko huo, Kalisti, ningekuwa na uwezo ningeutunuku nishani.

Hebu tuzungumze habari za bahati. Dhahabu ya Subira ilikuwa ndani ya mwamba huo kabla ya babu yako kuota meno. Nkwabi aliipata kwa sababu alipiga sururu mahali ilipo. Siku ya pili Donatus alipata kwa sababu alifuata mwamba uleule alioufungua mwenzake. Na Mihayo je? Mihayo alivunjika kidole kwa sababu jiwe liliachwa likining'inia, na kazi ya kuangalia mawe yanayoning'inia na kusimika miti ya kuyazuia ni ya nyapara. Nyapara ni nani? Ukamwachia lawama mtoto asiyefika miaka minne aliyekuwa nyumbani ameketi kizingitini. Tena ukampa na kazi: kukaa juu ya kigoda kila asubuhi aguswe na watu kumi na mmoja, na kucha zao umezikata, ahsante sana kwa huruma.

Hata mfumu umemwonea. Mimi si mteja wa wafumu, na wao hawanipendi, lakini huyu mzee wa nyuma ya kilima namvulia kilemba. Alichinja kuku wake, akatazama, akaona mpaka wa ujuzi wake, akakwambia wazi: huu ni ugonjwa, dawa zangu hazitaufikia, watu wasimshikeshike. Daktari kwa picha yake alisema hivyohivyo. Mkeo bila picha wala kuku alisema hivyohivyo. Watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, wamekupa jibu moja, nawe ukaona mmoja ana wivu, mwingine mkaidi, na wa tatu ni wa kufichiwa cheti katika tumbaku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hata hukuyaficha, umeyaanika juu ya kigoda.

Nisijifanye sikuwahi kukosea. Mwaka wangu wa tatu kazini aliletwa mtoto wa kike mwenye tumbo kama la mwanao. Nikalishika kwa vidole viwili, nikasema bandama, nikampa dawa ya malaria, nikamwambia mama yake arudi baada ya mwezi. Alirudi mara nne. Kila mara nilimwona kutoka mlangoni, nikasema, "Yule wa bandama kaja," nikachota dawa ileile bila kumlaza kitandani na kumwangalia vizuri. Mara ya tano mama alikuja peke yake, kunirudishia chupa ya dawa. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ilikuwa mishipa, kama hii, na kwamba mapema angeweza kupasuliwa. Mtoto yule aliitwa Bernadina. Jina hilo nililijua baada ya kufa, nikalisoma msalabani. Nakuambia hili kwa sababu naujua upofu ulio nao. Niliwahi kuwa nao, na mwenye kuulipia hakuwa mimi.

Sasa utafanya hivi. Barua hii usiingoje gazetini, maana gazeti hutoka mwisho wa juma na mwanao hana juma la kusubiri. Nakala yake nimeitia leo mikononi mwa dereva wa basi la posta, na nakala nyingine nimempelekea Herman, ili usije ukaniambia ilipotea. Ukimaliza kuisoma, fungua kopo la tumbaku, toa cheti, kipanguse, umpe Limi mikononi mwake. Usimweleze mengi. Mwambie, "Twende." Nadhani ameshafunga mzigo siku nyingi.

Mtoto asifungwe mgongoni kwa kanga, tumbo likagandamizwa njia nzima. Apakatwe, na apakatwe na wewe. Mkeo amembeba peke yake miaka hii yote. Asipakwe dawa, asichanjwe tena, asipewe dawa ya kuharisha na yeyote, wala asikandwe na mtu yeyote hata akiwa na mikono ya malaika. Asilazimishwe kula. Apewe maji kidogo kidogo kwa kijiko. Vukeni ziwa kwa kivuko, pandeni gari moshi Mwanza mwende mkaonane na daktari yuleyule aliyempiga picha, na msingoje tarehe iliyoandikwa. Lakini akitapika kijani tena njiani, au tumbo likikakamaa, au midomo ikageuka, msiendelee na safari: ishieni Mwanza, ingieni hospitali, mwonyesheni daktari cheti hicho. Sasa unaelewa kwa nini cheti si kitu cha kufungiwa katika tumbaku.

Sikudanganyi kwamba hakuna hatari. Atapewa dawa ya usingizi, atafunguliwa, na wapo watoto wasioamka. Wapo pia ambao vifuko hurudi wakapasuliwa tena. Lakini niliwaona waliopona, wakitembea siku ya kumi wameshika ukuta, wanadai wali. Kwa kumngoja nyumbani sijaona aliyepona hata mmoja.

Na kwa kuwa mishipa ya damu imo, daktari atahitaji damu ya kumwongezea. Utatoa wewe ikilingana na yake. Isipolingana, wako watu kumi na mmoja wanaodaiwa na mtoto huyo shukrani za mwaka mzima. Wamwambie bwana wao shimo limefungwa siku tatu, waje. Mikono ileile ya kushoto waliyozoea kuinyoosha kwa kugusa, safari hii wainyooshe wachomwe sindano. Atakayesema bahati itapotea, mwache hukohuko na Subira yake. Na huyo Mihayo, kidole au si kidole, naamini atakuwa wa kwanza.

Maswali yako matatu nimeyajibu. Mkeo hahitaji kutulizwa. Nusu hakuna. Chupa hakuna.

Limebaki jambo moja, nami nimelisubirisha kwa makusudi. Barua yako nimeisoma mara tatu, kurasa zote nne. Najua shimo lako linaitwa Subira. Najua mbwa wako ni Kapteni, fahali wako ni Sumuni, mwenye doa usoni. Najua aina ya baiskeli yako. Nawajua Nkwabi, Donatus na Mihayo. Mtoto simjui. Sijui ni wa kiume au wa kike. Hujaandika jina lake hata mara moja, na sioni kama ulikusudia kulificha, maana mengine yote umeyamwaga.

Pale mlangoni pa hospitali kuna karani mwenye daftari kubwa. Hatakuuliza wewe ni nyapara wa wapi, wala watu wanakuitaje penye pombe. Atachovya kalamu katika wino na kuuliza swali moja, "Mgonjwa anaitwa nani?" Mjibu kwa sauti, alisikie vizuri, aliandike bila kukosea, kwa kuwa ndilo watakalomwitia atakapokuwa anaamka katika usingizi ule. Na ikiwa limekutoka, usibabaike. Geuka nyuma. Mama yake amesimama hapo, yeye analo.